Fotometa ya mwali haitulii? Anza na maji, hewa na gesi

Simu nyingi za maabara za udongo na maji zinazotufikia huanza hivi: "Fundi, namba zinaruka." Sampuli ileile ya sodiamu inasoma 40, mara 52, mara 37, na mpigaji keshaamua kuwa kitambuzi cha mwanga kimekufa. Kwa kawaida kizima kabisa.

Mashine yenyewe, inayopima kiasi cha elementi kama sodiamu na potasiamu kwa mwanga wa mwali, haina mambo mengi. Mrija mwembamba hufyonza sampuli, hewa ya kompresa huigeuza ukungu, na ukungu huo huchanganyika na gesi na kuingia motoni. Maji hukauka, chumvi huvunjika kuwa atomi, na atomi zilizopata nishati motoni huitoa tena kama mwanga. Mchuzi ukifurika jikoni na mwali wa bluu ukageuka njano, hiyo ni sodiamu. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 589. Wa potasiamu ni 766, wa lithiamu 671. Kichujio hupitisha mwanga wa elementi moja, kitambuzi hupima ukali wake, nawe unalinganisha na standadi, yaani myeyusho ambao kiasi chake cha chumvi unakijua. Kwa njia ya mwali wanasayansi Bunsen na Kirchhoff waligundua elementi ya sesiamu mwaka 1860, katika maji ya chemchemi ya Dürkheim, Ujerumani.

Mwali wa propani na hewa hufika karibu nyuzi 1,900 za Selsiasi, joto linalozitosha sodiamu na potasiamu lakini ni dogo mno kwa risasi au zinki. Anayetaka kupima risasi tunamwambia wazi asinunue mashine hii. Ila kwa potasiamu ya udongo iliyotolewa kwa kemikali ya amonium aseteti, au alkali za saruji zinazoweza kupasua zege baadaye, bado ni chombo cha bei nafuu na cha kuaminika. Hospitali nyingi zimehamia elektrodi, vihisi vya umeme visivyohitaji mwali, kwa vipimo vya damu.

Turudi kwenye namba zinazoruka. Fyonza maji yaliyokenekwa peke yake. Mwali ukionyesha njano, maji yako yana sodiamu, au bana (kichomeo cha gesi) ni chafu. Sodiamu iko kila mahali: kwenye jasho la vidole, kwenye vumbi, hata kwenye kioo. Standadi zilizokaa miezi kwenye chupa za kioo zitupe, tengeneza nyingine na uzihifadhi kwenye plastiki. Kisha kagua mpira wa kutolea maji machafu: ule mkunjo wake usipojaa maji, hewa hupita na mwali huyumba. Mwaga maji yaliyojikusanya kwenye kompresa. Pima pia mrija unafyonza mililita ngapi kwa dakika, ulinganishe na kitabu cha mashine.

Na usiharakishe. Washa, acha ifyonze maji kwa nusu saa, ndipo uweke standadi. Sampuli iliyozidi standadi yako ya juu izimue, maana huko juu usomaji hauongezeki tena sawasawa na kiasi cha chumvi.

Kama bado haitulii, soma standadi moja kila baada ya dakika tano kwa nusu saa, uandike, kisha utupigie. Namba zinazoshuka polepole tu hutuelekeza kwenye mrija unaoziba; zinazopanda na kushuka hovyo, kwenye hewa, gesi au ule mpira wa maji machafu. Kwa karatasi hiyo tutajua tuje na vipuri gani.