Usiitupe ile chupa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na imenihuzunisha. Miaka miwili umehangaika maabara kuijenga tangu mwanzo koralopaironini A, molekuli ya kuua bakteria ambayo kwa asili hutengenezwa na bakteria wa udongo, na sasa unataka kuachana nayo. Mimi naona ungeacha njia, siyo kazi.

Kumbuka ivermektini, dawa ya minyoo. Satoshi Ōmura alipata kwenye udongo wa Kawana, Japani, bakteria anayetengeneza avermektini. William Campbell na wenzake Marekani wakathibitisha kwamba inaua minyoo. Wapo walioijenga avermektini nzima maabara, tena kwa ustadi mkubwa, lakini dawa haitoki huko. Bakteria huchachushwa kwenye matangi, akishamaliza kazi ngumu mkemia anagusa mahali pamoja tu. Kati ya bondi maradufu tano (viungo vya jozi kati ya atomi za kaboni), ile ya kaboni ya 22 na 23 huongezewa haidrojeni, na avermektini inakuwa ivermektini. Nne zinaachwa kama zilivyo. Kichocheo chenye rodiamu huichagua hiyo iliyo wazi zaidi. Badiliko dogo hivyo, na tangu 1987 dawa hiyo inagawiwa bure kwa wagonjwa wa usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha!

Lakini ivermektini huua watoto wa mnyoo. Mama yao anabaki hai kwa miaka, akizaa tena. Ndiyo maana molekuli yako naithamini sana. Inamshambulia Wolbachia, bakteria aishiye ndani ya mnyoo, ambaye bila yeye mnyoo hazai na hatimaye hufa. Doksisaiklini, antibiotiki ya kawaida, nayo humuua, ila humezwa kila siku kwa wiki 4 hadi 6, na haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Hao tuwaambie nini?

Kwa hiyo mwachie yule bakteria wa udongo aitengeneze molekuli yako, wewe urekebishe pale inapoharibika upesi. Juzi nimefanya hivyo na molekuli yangu. Nilikiweka kibao cha silika, kinachotenganisha dutu ziwe madoa, chini ya taa ya urujuanimno: doa la juu, la dutu ya mwanzo, limefifia, la chini, la dutu mpya, limekoza, na katikati hakuna kitu. Nilikaa nalitazama kama dakika kumi nzima.

Niandikie ni sehemu gani inayokusumbua. Na ile chupa ya hatua ya 14 ya ujenzi wako ihifadhi kwenye friza, mbali na mwanga. Tutaihitaji kulinganisha.

Wako akupendaye,
Mwenzako wa maabara