Mwanangu, mkeo alirudi na nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Kikwajuni hatujambo, isipokuwa goti la mama yako linamsumbua usiku.

Habari ya Jumamosi imevuka bahari kabla wewe hujaamka. Mama yako kapigiwa simu na mkwe wako. Mlitoka watu sita, wewe na rafiki zako wawili na wake zenu, mkaenda taarabu Magomeni. Ilipofika saa nne mkawaacha wanawake ukumbini, mkaenda kutazama mpira wa Ulaya. Wenzako walirudi kuwachukua wake zao. Wewe hukurudi. Sasa nakuuliza: mkeo alirudi nyumbani na nani? Tumeambiwa alipanda bajaji peke yake, saa saba usiku.

Usinijibu kwamba taarabu huipendi. Hilo nalijua, wala sikwambii uipende. Mimi nacheza bao tangu sijaota ndevu, na mama yako mpaka leo hajui namua wala mtaji. Hilo halikutudhuru kitu.

Mama yako ni mtu wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha huku Unguja, tangu usichana wake. Siku wakipiga, alikuwa akivaa, akitia asumini, akipita mbele ya baraza letu na mashoga zake. Mimi nimeinamia kete, hunijia harufu ya asumini tu. Alipofariki Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, mwaka 2013, alishinda siku mbili hasemi. Siku zile walikuja mafundi wa bao kutoka shamba, wajuzi kwelikweli, nami nilikuwa narudi usiku.

Mwezi uliopita nikamwambia leo tutakwenda sote. Akaniuliza, "Kwani bao leo halipo?" Nikakosa la kumjibu, nikavaa kanzu. Wakaanza na bashraf, kanuni na fidla bila mwimbaji, nami nikidhani bado wanapatanisha vyombo, nikaanza kusema na jirani. Akanigusa mkono ninyamaze. Baadaye akainuka kwenda kumtunza mwimbaji. Noti kaishika juu, anakwenda taratibu kwa mwendo ambao nyumbani sijapata kuuona, na goti kalisahau. Miaka 38 tuko pamoja.

Ndiyo maana nakuuliza tena: mkeo alirudi na nani? Na wale mashoga zake wamekaa na waume zao wanamtazama anatafuta bajaji, walisemaje? Na yeye alikwambia nini ulipoingia? Ikiwa hakukwambia kitu, basi hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mama yako naye hakuwa akinambia kitu.

Mpira nenda, sikukatazi. Lakini mwambie kabla hamjatoka nyumbani, na ukisema saa sita, saa sita uwe mlangoni kwa ukumbi. Na siku moja moja kaa naye mpaka atunze. Ile noti mpe wewe.

Fedha za mabati zilifika. Jiko halivuji tena, na mama yako kila mvua ikinyesha anakuombea dua kwa jina. Nilikusifu baraza zima, watu wakanambia nimezaa mtoto. Sitaki watu haohao waje wasikie la bajaji. Fundi bado anadai fedha ya misumari, nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Usitume wewe, una kodi ya nyumba. Dada yako anauliza ile cherehani ya mkono kama bado mnaihitaji, kwa sababu binti yake ameanza kujifunza kushona.

Mshokishoki wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Kesho natuma kikapu kwa boti ya asubuhi. Jina nililoandika juu ni la mkeo. Nendeni bandarini wote wawili mkakipokee, kizito, na mkifungue siku hiyohiyo, maana za chini zimeshaiva sana.

Baba yako