Shukrani kwa mzee wa kiti cha pembeni

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Ilikuwa tarehe 3 Novemba, Siku ya Godzilla, lile dubwana la filamu za Kijapani, kwenye jumba la sinema pale Hibiya, Tokyo. Nilikata tiketi bila kujua kwamba ile filamu ya 1954 ingeonyeshwa bila maandishi ya tafsiri, na Kijapani changu ni cha kuombea maji.

Uliniona nimetoa macho. Taa zilipowaka kabla ya filamu ya pili, ukatoa penseli ukachora mashua nyuma ya bahasha. Daigo Fukuryu Maru, ukasema taratibu: wavuvi 23, Machi 1954, majivu ya jaribio la bomu la nyuklia la Marekani yakawanyeshea wakiwa baharini. Ndipo nikaelewa kwa nini ukumbi mzima ulikaa kimya vile dubwana, lililoamshwa na majaribio ya mabomu kama hayo, lilipoibuka. Nikakuuliza yule mama aliyekumbatia wanawe mji ukiteketea aliwaambia nini. Ulinyamaza kwanza. "Anawaambia wanakwenda kumfuata baba yao." Penseli ilikuwa ikitetemeka mkononi mwako.

Hata ule mngurumo wa dubwana ulinifundisha jinsi ulivyotengenezwa: glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, inaburuzwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi. Ulinionyesha kwa kidole kwenye ukingo wa kiti, nami nikausikia mwili mzima.

Bahasha ninayo. Asante sana, mzee wangu. Novemba ijayo nitakaa safu ileile, na tiketi ya kiti cha pembeni nitakukatia mimi.