Nikizima, msiniulize kulikoni

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Mi ni mtu mzima mwenye usonji (autism, ubongo wangu unapokea mambo tofauti na wengi), nafanya kazi, siku nyingi naongea vizuri tu, na ndio maana siku nikizima, yaani nakwama na maneno hayatoki, watu wanadhani nimenuna. Au nadeka. Mtu mzima na ndevu zangu!

Iko hivi. Tuko kikaoni, taa ya tyubu inapepesa (nyie hamuoni, ila zile tyubu za zamani kwenye umeme wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na mi hata mlio wake nausikia), jirani anabofyabofya kalamu, wawili wanaongea kwa pamoja, perfyumu ya mtu imejaa chumba kizima, lebo ya shati inanikwaruza shingoni, na hakuna hata kimoja kinachompisha mwenzake, vyote vinaingia kichwani kwa nguvu ileile ya sauti ya bosi. Navumilia nusu saa. Halafu mtu anasema tu "ratiba imebadilika" na machozi hayo, basi wote wanaona nalilia ratiba. Silii ratiba jamani, ratiba imekuta debe limeshajaa.

Hapo ndipo mnaponimaliza. Mnanizunguka, huyu ananishika bega, yule "vipi, nani kakuudhi, si useme?" Nia nzuri, najua, lakini kila swali ni kelele nyingine juu ya kelele, na jibu lenyewe sina. Kuna wakati njaa, hasira na woga kwangu vinafanana kabisa, nakuja kujua kilikuwa kipi usiku nikiwa kitandani.

Na hili neno "utazoea" naombeni mliache. Yule daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, mwaka 1943 alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji aliowachunguza alishataja hofu yao ya makelele, wengine hata upepo uliwatisha, lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umekuja kuliweka wazi hili la kelele, mwanga na mguso kwenye vigezo vya usonji mwaka 2013. Miaka 70 hiyo! Sasa mi nitazoea kwa wiki mbili?

Nimejifunza yangu. Lebo nakata zote siku ya kununua nguo, viziba masikio viko mfukoni saa zote, nikiona nimeanza kusoma sentensi moja mara tatu natoka kabla mambo hayajaharibika, naenda kukaa chooni najiyumbisha mbele nyuma mpaka pumzi irudi. Kujiyumbisha kunawatisha watu sijui kwanini, mi ndio breki zangu. Na kwenye simu nina meseji nimeshaiandika kabisa, nafungua naonyesha tu: "Siwezi kuongea saa hizi. Niko salama. Nipe dakika 20." Wengi wanaisoma halafu wananiuliza, salama kweli?

Mmoja tu ndiye aliyeielewa, mwenzangu wa kazini, wala hatukuwa na mazoea. Alisoma, akazima taa, akafunga dirisha la upande wa barabarani, akaniwekea glasi ya maji mezani na kutoka na wengine wote. Kesho yake tukasalimiana kama kawaida, tukaendelea na kazi.

Msomaji wenu