Wito wa Harambee: Paa, Mifereji na Tangi la Maji la Shule Yetu

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu na marafiki wa shule,

Tunawaandikia kwa heshima na kwa haya kidogo, maana si mara ya kwanza kubisha hodi kwenu. Madarasa mliyotujengea yangali yamesimama. Hata hivyo, mabati yametoboka, na mvua inaponyesha wanafunzi husogeza madawati hadi pembe kavu, wakabanana watano penye nafasi ya watatu, huku mwalimu akisubiri kelele zipungue ndipo aendelee. Kiangazi kikiingia, watoto haohao huja shuleni na madumu ya maji, kwa kuwa vyoo havina la kusubiri.

Kinachotutia aibu zaidi ni kwamba humo humo madarasani tunafundisha utunzaji wa mazingira. Katika somo la hisabati, wanafunzi walipima paa la jengo moja wakapata mita za mraba 200. Kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji, wakakokotoa kwamba mvua ya milimita 10 tu hulimwagia paa hilo lita 2,000. Mmoja akauliza maji hayo huenda wapi. Huenda yakichimba msingi wa jengo, kisha yanaondoka na udongo wa bustani ambamo tumewaagiza wapande miti.

Mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa yaliitengea elimu sura ya 36 ya Ajenda 21, mpango wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo yanayotunza mazingira, na shabaha ya 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya umoja huo inataka wanafunzi wote wapate maarifa na stadi za kuleta maendeleo ya aina hiyo ifikapo 2030. Tumeyafundisha hayo kwa bidii, lakini mtoto huiga anachokiona shuleni kuliko anachonakili daftarini.

Tunaomba mtusaidie kubadilisha mabati, kufunga mifereji na kuweka tangi lenye njia ya kumwaga maji ya mwanzo, ambayo hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Wanafunzi watasafisha mifereji, watapima kina cha tangi na kuamua wenyewe, katika kikao chao, maji yagawanywe vipi mvua zikikoma. Huko kuamua, kwa maoni yetu, ndiko kujifunza kwenyewe.

Kila mchango utapewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele ya mkutano wa wazazi. Wapo walioahidi katika harambee iliyopita ambao bado tunawangoja. Hatuwataji, wanajijua, na mlango uko wazi. Asiye na fedha atoe mabati, mbao au siku moja ya ufundi. Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi dunia hii tuitunze, awazidishie. Tunaomba michango itufikie kabla ya msimu wa mvua, kwa sababu fundi hawezi kuezua paa mvua ikishaanza.

Kamati ya Shule