Mhariri, pale kwenye hali ya hewa tuwekeeni na saa za maji kupwa

Mhariri, salamu kutoka Dodoma. Mi ni fundi aluminiamu huku Nkuhungu na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku, siku nyingine nalisoma likiwa limeshafungia maandazi lakini nalisoma. Naomba nafasi kidogo kuhusu ule ukurasa wenu wa safari wa wiki iliyopita, mliosema mtu wa bara akipata siku tatu nne za mapumziko aende zake Unguja akajifunze kuteleza na ubao kwenye mawimbi, maana bahari ipo mwaka mzima. Bahari ipo kweli. Ila haipo muda wote, na hilo mi nimelijua kwa miguu.

Pasaka ya 2023 tulienda watatu, mimi, jamaa yangu mwenye duka la vipuri na shemeji yangu ambaye ni mwalimu. Tulipanga kama kila mtu wa Dodoma anavyopanga, tumeangalia kalenda ukutani tukaona Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka ni nyekundu, basi tukasema hapo hapo. Alhamisi basi, tukalala Dar kwa binamu, Ijumaa boti, alafu daladala mpaka Paje tumefika tumechoka, tukalala. Jumamosi saa nne na nusu asubuhi tumekodi ubao tumeubeba kichwani wawili wawili kama jeneza, tunatokeza ufukweni, hakuna bahari. Yani hakuna. Kuna mchanga, vidimbwi, vigingi vya mwani na kamba zake, na kule mbali kabisa unaona mstari mweupe ambapo mawimbi yanajivunjia kwenye mwamba. Shemeji akasema labda tumekosea kijiji.

Kina mama wa mwani walikuwa wameinama kazini, mmoja akatuuliza mnatafuta nini wanangu, tukamwambia tunaitafuta bahari tuteleze. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema sie ndo kwanza twashukuru imetoka tupate kufanya kazi, nyie mwaitaka irudi, njooni saa kumi. Wenyewe wanalima mwani pale tangu 1989, ratiba yao yote ni maji. Sisi wabishi tukaamua kuifuata hukohuko, na ndala, jamaa wa vipuri akakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, safari ikaishia hapo, ubao tukaugeuza machela.

Saa kumi maji yalikuja kweli, yakajaa mpaka karibu na ukuta wa nyumba tuliyofikia, lakini yametulia kama ya kwenye beseni, kwa sababu mawimbi yanabaki kule nje kwenye mwamba, huku ndani ni kama bwawa. Tukauliza basi wale wa ubao wanaorushwa na tiara, kile kishada kikubwa, mbona hatuwaoni, vijana wenyewe wamelala kivulini, wakatuambia kaka huu ni mwezi wa nne, upepo wa kaskazi umeshaondoka na wa kusi haujashika, hizi ni siku za tanga mbili, upepo hauna msimamo. Na hapo sijasema kwamba tulifika katikati ya Ramadhani, sisi ni Waanglikana watatu tumebeba ubao na njaa, migahawa ya bei yetu imefungwa mchana kutwa na kula hadharani ni kumvunjia mtu heshima, kwa hiyo tulifunga na sisi bila kunuia. Futari lakini walitupa, na ile ndo kumbukumbu nzuri kuliko zote za safari ile.

Sasa kwanini naandika leo. Jamaa wa vipuri amepona mguu na amesahau. Tangu aone kwenye simu mashindano ya Olimpiki ya 2024, mbio zote zinakimbiwa Paris lakini sefu, yani huku kuteleza na ubao, wameipeleka kijiji cha Teahupo'o huko Tahiti, kisiwa kilicho zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris kwenyewe, na dhahabu ya wanaume akaichukua Kauli Vaast ambaye ni mtoto wa hukohuko Tahiti, hajakaa sawa. Anataka wimbi lile. Nimemwelewesha mara nyingi pale dukani kwake, mawimbi ya vile yanatoka mbali sana kusini, kwenye dhoruba za baharini, yakasafiri hayana wa kuyazuia mpaka yanagonga mwamba wa ghafla unaotoka kwenye kina kirefu. Sisi huku yale ya kusini yanaikuta Madagascar imelala njiani kama boda boda aliyepaki barabarani, kwa hiyo yanayotufikia mengi ni madogo, ya upepo wetu wenyewe. Paje ni pazuri kwa mwenye tiara, na anayeanza ubao atapata vimawimbi vya kuangukia. Tahiti hapana. Amekubali nusu.

Safari hii tunapanga upya na tunaanzia baharini. Mwezi ni wa nane, karibu na Nanenane, kusi linakuwa limeshika na masika yameisha zamani. Jambo la pili ni mwezi wa angani, na hapa ndo penye utamu. Kumbe ile Ijumaa Kuu ya 2023 iliangukia siku moja tu baada ya mwezi mpevu, yani tulienda kwenye bamvua lenyewe, maji yanatoka mbali kuliko kawaida na yanajaa kuliko kawaida. Bamvua kule Unguja kupwa kwenyewe, yani maji kutoka, kunaangukia asubuhi ya saa nne saa tano hivi, ndo saa hizohizo mtu wa bara ameshakunywa chai anataka kuogelea. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka, asubuhi hiyohiyo maji yapo na hayaendi mbali. Mi siku hizi nachungulia kalenda ya msikiti ya jirani yangu, tarehe 14 mpaka 17 na zile za mwezi mchanga nakwepa, tarehe 8 na 22 hivi ndo zangu. Jirani anashangaa Mwanglikana ana shida gani na mwezi wa Safar wa Kiislamu.

Usafiri siku hizi umekuwa rahisi, treni ya umeme ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024 nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000 na Dar unafika kiuno hakijauma. Boti ni mwendo wa kama saa mbili, ila kipindi cha kusi inacheza, mkiona wanagawa mifuko ya kutapikia msijifanye wanaume, chukueni. Miguuni tunaenda na katambuga za pale Majengo, za matairi, mwiba gani utapita hapo. Na kuogelea nimejifunza kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, miezi minne, maana wazee wetu Wagogo wanasema jina la huu mji limetokana na tembo aliyedidimia kwenye matope, sasa mtu wa mji kama huu usimwamini kwenye maji bila mazoezi. Na maji yakianza kurudi usibaki kule mwambani unapiga selfi, yanajaza kwanza mabondeni nyuma yako, unageuka njia haipo.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mnatuandikia joto la Dodoma, joto la Mwanza, ratiba ya ligi mpaka ya Uingereza. Hapohapo pembeni wekeni mistari miwili, maji kujaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, Unguja na Dar, na siku za bamvua. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, msiliweke ndani kabisa karibu na matangazo ya viwanja, wavuvi wanalihitaji na sisi mabwege wa ubao tunalihitaji zaidi, maana jamaa yangu akisikia mita mbili anafurahi badala ya kuogopa.

Mkianza kabla ya Nanenane nitakata kile kipande nibandike kwenye kaunta ya duka la vipuri, pale juu ya picha yake ya Tahiti.

Fundi Aluminiamu,
Nkuhungu, Dodoma