Klipu ya matone, na namna ya kuuliza humu

Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Ile klipu iliyotumwa humu kwenye kundi letu, ikidai matone ya "MMS" yanatibu usonji (autism), nimeifuta. Yale ni klorini dioksaidi, kemikali ya viwandani ya kupaushia karatasi na nguo. Huunguza koo na utumbo wa mtoto, na usonji hautibu hata kidogo. Ukipokea nyingine, nitumie mimi kwanza, faragha.

Ukiuliza swali, andika umri wa mtoto, maneno anayotamka, mlichojaribu na kwa wiki ngapi. "Mwanangu haongei, nifanyeje?" huleta majibu ya kubahatisha. Taja pia kama amepimwa masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huchelewa kuongea na haitikii jina lake.

Video za mtoto za kumwonyesha daktari (dakika moja inatosha) zibaki kwenye simu yako. Humu tafadhali msizitume, ikishasambaa hairudi.